Fundi Cherehani na Vyumba Vinne vya Moyo

Barua ilipenyezwa chini ya mlango wa ofisi, na Mhadhiri aliikanyaga kabla ya kuiona. Ilikuwa Jumatatu, siku ya tisa tangu amzike dada yake mkubwa, na asubuhi yake ya kwanza kurudi kazini. Aliiokota, akafuta alama ya kiatu chake kwa kiganja, akaisoma akiwa amesimama na mkoba begani.

Mkuu wa idara hakuwa mtu wa maneno ya kuzunguka. Alitoa pole kwa mstari mmoja, akaingia kazini. Kompyuta za chumba namba kumi na mbili, aliandika, zimetunza kumbukumbu ya kila kosa la kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la moyo. Wiki ya kwanza ilikuwa, kwa wastani, makosa tisa kwa mwanafunzi mmoja. Wiki ya tatu, ishirini na mawili. Wiki iliyopita, arobaini na moja. "Kwa kuwa wanafunzi wanazidi kudidimia, programu hii itafutwa katika mashine zote Ijumaa saa sita mchana, na somo litarudi kwenye ubao na chaki."

"Kudidimia," alisema Mhadhiri, peke yake na ukuta. "Nimeondoka siku kumi tu kuzika, watu wameshadidimia."

Alitaka kucheka, akashindwa. Ingekuwa programu tu, angeiacha ikafutwa akalale. Lakini sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Dada.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Kwenye kioo cha kompyuta ulionekana moyo uliopasuliwa katikati, vyumba vyake vinne wazi, unapiga. Mwanafunzi alipewa tone la damu, akatakiwa kulisukuma kwa kipanya kutoka mwilini hadi moyoni, moyoni hadi mapafuni, kisha lirudi moyoni na kutoka tena kwenda mwilini. Kila penye njia panda alichagua. Akipatia, tone lilisogea. Akikosea, sauti ya mwanamke ilimkemea na kumweleza alipopotea.

Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani. Alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, mwaka uleule wazazi wao walipofariki, akakaa kwenye cherehani ili mdogo wake asikae nje ya darasa. Mtaani walimwita Fundi. Mdogo wake alimwita Dada, naye alimwita mdogo wake Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na hakuacha kumwita hivyo hata mbele ya wanafunzi wake, hata siku aliyovaa joho. Alikuwa mcha Mungu wa vitendo. Kabla ya kukata kitambaa cha mtu alifumba macho akasema, "Mungu wangu, mkasi haurudi nyuma," ndipo akakata. Hakuwahi kulikosea gauni la mtu, au kama aliwahi, walijua yeye na Mungu wake.

Mwanzoni sauti ya kwenye programu ilikuwa ya Mhadhiri mwenyewe. Siku moja alibeba kompyuta yake ya mkononi mpaka kwenye chumba cha kushonea, akaiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na futi ya kupimia, ili Dada aone kazi aliyoifanya mwaka mzima. Dada alisukuma tone. Akakosea. Kompyuta ikasema kwa sauti ya Mhadhiri, "Jibu si sahihi. Jaribu tena."

"Si sahihi kwa nini?" Dada aliuliza.

"Unajaribu tena, Dada."

"Nijaribu nini, nami sijui nilipokosea? Mteja akinirudishia gauni akaniambia 'si sahihi', nitalifumua wapi? Begani? Kiunoni? Kitinda, umesoma mpaka umeota upara, hujajua kwamba kumkataza mtu bila sababu ni kumfukuza?"

"Ni kompyuta, Dada. Haiwezi kueleza kila kosa."

"Makosa yako mangapi humo?"

Aliyahesabu palepale, kwa hasira. Njia za kupotea zilikuwa sitini na nne.

"Sitini na nne tu?" Dada alisema. "Mimi kwenye sare moja ya shule nina mia. Lete kalamu."

Ndivyo walivyoanza, na kazi ile iliwachukua wiki saba. Yeye alieleza kosa kwa lugha ya chuo, Dada akaligeuza kwa lugha ya mtu. Kinasa sauti Mhadhiri alikivisha sponji ya kuwekea mabega ya koti ili kisichukue upepo. Upepo kisichukue, sawa, lakini cherehani je?

"Dada, simamisha mguu."

"Nikisimamisha, nani atamaliza sare za kwaya? Wewe?"

"Mlio unaingia ndani."

"Uingie. Wao chuoni hawana nguo?"

Na hivyo makemeo yote sitini na manne yakatoka na mlio wa cherehani nyuma yake, taka-taka-taka, kama mtu anayekimbia chumba cha pili. Kwa aliyepeleka damu mwilini kabla haijapita mapafuni, Dada alisema, "Unampelekea mtu nguo chafu aivae? Kafue kwanza. Mapafuni kule." Kwa aliyejaribu kuipitisha damu kinyume cha vali, alisema, "Mlango huo unafunguka upande mmoja tu. Kwenu mnaingilia dirishani?" Kwa aliyedhani kuta za vyumba viwili vya chini zinalingana unene, alisema, "Wa kulia unasukuma damu hapo jirani, mapafuni. Wa kushoto unaisukuma mpaka kwenye kidole cha mguu. Usinishonee suruali ya mbeba mizigo kwa kitambaa cha leso."

"Na akipatia, tuseme nini?" Mhadhiri aliuliza siku ya mwisho. "Sema 'hongera', nirekodi."

"Hongera ya nini? Mtu akila akashiba unampigia makofi? Akipatia, tone lisogee. Hiyo ndiyo hongera yake."

Mhadhiri alimbembeleza. Alikataa. Mhadhiri akamkasirikia. Dada alitia uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Basi na mimi nimeingia chuo kikuu. Tena kwa mlango wa mbele." Miezi mitano baadaye akaugua siku sita, ya saba Mungu akamchukua. Rekodi zote zilibaki kwenye flashi, kifimbo kidogo cha kuhifadhia, ndani ya mkoba wa Mhadhiri, na tangu mazishi hakuwa amethubutu kukichomeka popote. Lakini sauti iliyo ndani ya mkoba haimfundishi mtu. Ijumaa saa sita, Dada alikuwa anafukuzwa chuo.

Mhadhiri alikunja barua akashuka ngazi kwenda chumba namba kumi na mbili. Alisikia vicheko kabla ya kufika mlangoni.

Kati ya kompyuta ishirini na sita, spika za masikioni zilizofanya kazi zilikuwa saba, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wamechomoa zote, wakaongeza sauti ya mashine moja, wakajazana nyuma yake wima kama watu wanaotazama mpira.

"Mrudishe mlangoni! Mrudishe, atakuja juu!"

"Hilo tunalo. Jaribu kule chini kushoto."

"Aah, hilo pia tunalo!"

Na katikati ya kelele, sauti ya Dada, nzima, yenye afya: "Kwenu mnaingilia dirishani?" Darasa likaangua kicheko.

Mhadhiri alinyoosha mkono akazima swichi kubwa ya ukutani.

"Nani huyo anazi..." mmoja alianza, akageuka, akamalizia kwa kukohoa.

"Ni mimi," alisema Mhadhiri. "Endeleeni kucheka. Mnamcheka nani?"

Aliyejibu ni kiranja wa darasa, msichana mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. "Hatumcheki mtu, Mwalimu. Ni Shangazi tu."

"Shangazi?"

"Yule wa kwenye moyo. Ndivyo tunavyomwita."

Duniani kulikuwa na watu wawili tu wenye haki ya kulitumia jina hilo, nao walikuwa watoto wa Mhadhiri mwenyewe, nyumbani, ambao mpaka leo waliweka sahani yake mezani kwa kusahau.

"Shangazi huyo nimemzika Jumamosi ya wiki juzi," alisema. Hakukusudia kulitoa hivyo, kama mtu anayetangaza kwamba ratiba imebadilika.

Kiranja alirudi nyuma hatua moja.

"Pole sana, Mwalimu," alisema, chini kabisa. "Hatukujua kama ni mtu. Tulidhani ni mwigizaji."

"Na mtu akiwa mwigizaji ndiyo mnakosea makusudi mumsikie akifoka? Makosa arobaini na moja kila mmoja! Mnajua mmenifanyia nini?"

"Lakini, Mwalimu, ukipatia hasemi kitu. Tone linaondoka tu kimyakimya. Sasa nani atapatia?"

Mhadhiri alijifunika uso kwa mkono. Ilikuwa kweli tupu. Watu wawili wazima, mmoja ana shahada tatu, walikaa wiki saba wakatengeneza somo ambalo utamu wake wote uko kwenye kukosea.

Kiranja alimpa daftari. Lilikuwa la kawaida, la kurasa mia, limechakaa pembe. Kila kemeo lilikuwa limeandikwa na kupewa namba, na chini yake, kwa miandiko tofauti, mabishano. *Namba 17, leso. Maana: ukuta wa kushoto mnene kwa kuwa damu inaenda mbali. Mwingine: siyo mbali tu, ni msukumo. Mwingine: sawa, msukumo kwa sababu ya mbali, acha ubishi.* Kurasa kwa kurasa. La mwisho lilikuwa namba 61.

"Bado tatu kufika sitini na nne zilizotajwa kwenye kioo," alisema kiranja. "Wiki mbili tunakosea mchana kutwa, hatuzipati. Tumekosea kila mahali. Ungetudokezea tu, Mwalimu."

"Sidokezi."

Alizijua zote tatu. Moja haikuhitaji hata kubofya. Lakini alikuwa na hasira bado, akaona hasira hiyo aitumie kwa mtu anayestahili. Akapanda ngazi na daftari mkononi.

Mkuu wa idara alikuwa nyuma ya meza yake, vumbi la chaki kwenye mikono ya koti kama siku zote. Kwa miaka thelathini alikuwa akivichorea vizazi vya wanafunzi moyo uleule ubaoni, nao waliunakili uleule.

"Pole na msiba, bwana," alisema.

"Asante, Mkuu. Wanakosea kwa sababu wanajua."

"Unasemaje?"

"Ili ukosee njia zote sitini na nne, lazima uzijue zote. Na ukikosea unaambiwa kwa nini. Tazama hapa."

Mkuu alifungua daftari, akasoma, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. "Hiki ni nini? 'Kwenu mnaingilia dirishani?' Hili ni daftari la matusi."

"Ni vali, Mkuu."

"Bwana, nimefundisha tangu wewe hujavaa suruali ndefu. Anayejua hujibu sawa. Asiyejua hukosea. Sasa unaniletea elimu ya tatu."

"Basi wape mtihani. Wa karatasi, wa kwako mwenyewe. Ukishindwa kuona tofauti, futa programu."

Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Alhamisi. Maswali yangu. Usiwadokeze kitu. Na huyo dada yako naye asiwado..." Aliivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Nisamehe, bwana. Ulimi."

"Hamna neno," alisema Mhadhiri, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliona mtu aliyetahayari kuliko yeye.

Alhamisi mtihani ukafanyika. Ijumaa saa tatu asubuhi akaitwa. Karatasi zilikuwa zimepangwa mezani mafungu mawili, moja refu kama tofali, jingine jembamba. Mkuu alionekana kama mtu aliyelala na jino bovu.

"Nimeuliza kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia," alianza. "Swali la heshima, la biolojia. Nimejibiwa leso. Leso ishirini na tisa! Mmoja amechora na suruali."

"Majibu si sahihi?"

Mkuu alisawazisha karatasi za fungu refu.

"Mkuu, wamekosea?"

"Hawakukosea! Hilo ndilo linaloniudhi. Wanaeleza leso, kisha wanaeleza msukumo wa damu, kisha wananieleza nini kingetokea kama kuta zingelingana, nami sikuwauliza. Walioanguka ni watano." Aligonga fungu jembamba kwa kidole. "Nikasema, haya, watano hao ndio waliokosea sana kwenye kompyuta. Nikaenda kutazama kumbukumbu. Hawakukosea hata mara moja, wote watano. Walinakili njia sahihi kwa wenzao siku ya kwanza, wakabofya mpaka mwisho, wakaenda zao nyumbani."

Mhadhiri aliuma midomo. Alimsikia Dada kabisa: *Sasa nani kadidimia?*

"Sitafuta," alisema Mkuu. "Lakini kwa sharti. Siwezi kuwa na somo ambalo mtu akipatia linamnyamazia kama amelikosea adabu. Anayepatia naye aambiwe neno. Hongera, vizuri, chochote. Kwa sauti hiyohiyo. Yako usiitie, yako inalaza watu. Saa sita nitashuka kusikiliza. Kama hakuna, barua yangu iko palepale."

"Mkuu, hakurekodi neno hilo. Alikataa."

"Basi mtafute mtu mwingine mwenye kufoka."

"Hayupo mtu mwingine."

Mkuu alifungua mikono, kama kusema hilo si la idara yake.

Saa tatu na nusu Mhadhiri alijifungia ofisini. Alikitoa kile kifimbo mkobani, akakishika kiganjani kitambo, akasali sala fupi isiyo na mpangilio, akakichomeka. Wiki saba zote zilikuwamo, na takataka zake zote ambazo hakuwahi kuzikata. Dada akimwambia mteja kwamba kiuno kimenenepa, kitambaa hakijapungua. Dada akisema, "Mungu wangu, mkasi haurudi nyuma," na baada yake kishindo cha mkasi. Dada akimwambia, "Kitinda, kikohozi chako kimo humo, usije ukanisingizia mimi." Dada akiimba nusu ubeti wa kwaya, akisahau, akiingiza maneno ya kwake. Mhadhiri alilia, akajifuta, akaangalia saa, akakasirika kwamba hana hata nafasi ya kulia vizuri, akaendelea.

Hongera haikuwamo. Vizuri haikuwamo. Saa tano ilikuwa imepita alipoanza kumlaumu marehemu kwa sauti. "Dada, neno moja! Neno moja tu lingekugharimu nini?"

Ndipo akalisikia, na akatambua kwamba alikuwa akilisikia tangu asubuhi bila kulisikia. Kila kemeo lilipotoka sawasawa, hata lile lililorudiwa mara ishirini, Dada hakusema limetoka. Alinyoosha mkono achukue karatasi inayofuata, akasema, "Haya, lete nyingine."

Alirudi nyuma. "Haya, lete nyingine." Akaenda mbele. "Haya, lete nyingine." Lilikuwa kila mahali, likiwa na uchovu, likiwa na kicheko, mara moja likiwa na pini mdomoni. Wakati wote ule Dada alikuwa akimpongeza, naye Mhadhiri alikuwa akisubiri hongera.

Saa sita kasoro dakika sita alikuwa amemaliza kuyaweka maneno hayo kwenye programu. Alishuka ngazi mbili mbili. Mkuu alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta ya mwisho, darasa zima nyuma yake limebana pumzi, kiranja na daftari lake mbele kabisa.

Mkuu alishika kipanya kama mtu aliyeshikishwa kitoto cha jirani. Alisukuma tone kuingia chumba cha juu kulia. Sawa kabisa.

"Haya, lete nyingine," alisema Dada.

Darasa likanong'ona. Mkuu hakugeuka. Alilishusha tone chumba cha chini.

"Haya, lete nyingine."

"Hm," alisema Mkuu. Kisha, "Kuna kitu kinagongagonga nyuma. Kisafishwe."

"Ni cherehani."

"Ndiyo. Kisafishwe."

"Hakisafishwi, Mkuu."

Mkuu alimtazama. Mhadhiri hakuinamisha macho. Mzee akarudi kwenye kioo, akavuta miwani puani, akaanza kuifikiria njia panda iliyofuata kwa namna alivyozoea kufikiri maisha yake yote, taratibu, kidole hewani, midomo ikitembea. Dakika moja ikapita. Wanafunzi walianza kubadilisha miguu. Ya pili ikaenda ikaisha.

"Mbona umesimama?" sauti ilifoka ghafla, na Mkuu akaruka kwenye kiti. "Damu ikisimama inaganda! Kosea, lakini sogea. Ukikosea nitakufumua mimi. Kitambaa kisichoshonwa, nani atakifumua?"

"Sitini na mbili!" kiranja alipiga yowe. "Hiyo hatukuwa nayo! Jamani, ni kusimama! Ilikuwa kusimama tu!" Alikuwa akiandika tayari, daftari juu ya mgongo wa mwenzake, wengine wakimsomea maneno wasije wakayasahau.

"Ananiambia mimi?" Mkuu aliuliza.

"Anamwambia kila anayesimama, Mkuu," alisema Mhadhiri. "Sasa sogea, tafadhali. Kuna watu wanasubiri kompyuta."